Ndani ya Kiti cha Mwalimu

Mtu anayepeleka kochi kwa fundi hupeleka pamoja nalo vitu asivyojua kuwa anavyo. Kati ya mgongo wa kochi na kikalio huwa mna vitana, vifungo, kalamu, picha za ndugu waliokwisha kusahauliwa, hata jino la mtoto. Kila karakana ina utaratibu wake kuhusu vitu hivyo, na katika nyingi utaratibu ni mfuko wa fundi. Kwa Misumari haikuwa hivyo. Chochote kilichotoka ndani ya kiti kilitiwa kwenye bahasha, bahasha ikachomekwa chini ya mto, na kiti kikarudi kwa mwenyewe kikiwa na kila kilichokuwa chake. Jina lake la biashara lilisimama juu ya bahasha hizo.

Jina la Misumari lenyewe lilitokana na kazi. Fundi anapovuta kitambaa juu ya mbao huhitaji mikono yote miwili, hivyo misumari midogo hukaa mdomoni, na ulimi huisukuma mmoja mmoja hadi kwenye uso wa nyundo yenye sumaku. Stepla ya umeme ilipoingia mafundi wengi waliachana na mtindo huo. Yeye hakuuacha, kwa kuwa alisema stepla inaacha mikunjo kwenye kona. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya mchana hakuweza kuzungumza, na wateja waliuchukulia ukimya huo kuwa uaminifu. Mume wake alikuwa akiwaambia watu kuwa ndoa yao imedumu kwa sababu hiyo. "Akitaka kunigombeza," alisema, "lazima kwanza ateme."

Mume huyo aliitwa Winchi, jina la mashine aliyokuwa akiiendesha kwenye yadi ya mbao. Siku moja mnyororo uliobeba magogo ulikatika ukamrukia begani. Hospitali walimpa vidonge vya maumivu, vikali, vya kutumia kwa muda. Bega lilipona, vidonge havikuisha. Alianza kuvitafuta kwa watu badala ya kwenye dirisha la dawa, na mwishowe msimamizi wa yadi alimkuta amesinzia kwenye kibanda cha mashine huku mzigo ukining'inia juu ya vichwa vya wapakiaji. Alitoka yadini siku hiyohiyo.

Misumari akamchukua karakanani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mikono ikiwa na kazi, na yeye akiwa jicho la kumtazama, mambo yatanyooka. Alimfundisha kuchana kitambaa cha zamani bila kukirarua, kufunga springi kwa kamba, kukata sponji kwa kisu cha mkate. Mwisho alimfundisha mshono wa siri, ule unaoshonwa kwa sindano iliyopinda kama mwezi mchanga ili uzi upotee ndani ya kitambaa na macho ya mteja yasione mahali pa kuanzia wala pa kuishia. Winchi aliupata haraka kuliko yeyote aliyewahi kufundishwa pale. Tofauti ilikuwa moja tu: alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo nyuzi zake zililalia upande wa pili. Mteja asingeona. Mke wake aliona, na alipenda kuona.

"Fundi," mume akawa anamwita kuanzia hapo, kwa utani uliokuwa na heshima ndani yake, "nikifa wewe utaachwa na mishono yangu."

Aliapa kuwa ameacha vidonge. Aliapa zaidi ya mara moja, na kila mara kwa utulivu.

Uongo wa Winchi haukuwa wa kelele. Ulikuwa na samani zake. Mtu mkweli akiulizwa alikuwa wapi husema alikuwa dukani. Winchi alikuwa dukani, uzi wa kahawia ulikuwa umeisha, muuzaji alikuwa amevimba shavu kwa jino, na paka wake alikuwa amezaa ndani ya boksi la zipu. Mke wake alikuja kugundua kuwa kadiri paka walivyokuwa wengi ndivyo ukweli ulivyokuwa mdogo. Lakini muuzaji kweli alikuwa na jino bovu, na hilo ndilo lililomchosha, kwamba kila uongo ulikuwa na kipande ambacho angeweza kwenda kukithibitisha.

Alipekua nyumba. Alifungua kochi lao wenyewe kwa chini, akatoa sponji yote sakafuni, akapapasa kila springi. Alipekua magodoro, mapazia, mabegi ya nguo za baridi. Winchi hakumzuia. Alimshikia tochi. "Huku nyuma umeshaangalia?" alikuwa akimuuliza, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutafuta hereni. Hakukuwa na kitu. Baada ya kazi hiyo mke alikaa juu ya sponji, akamwomba mume wake radhi, naye akapokea radhi hiyo kwa upole mkubwa.

Vidonge havikuwa nyumbani. Vilikuwa karakanani, ndani ya viti vya wateja vilivyokuwa vikisubiri zamu, nyuma ya mshono wa siri. Kiti kikikaribia kutoka, Winchi alikifungua kwa chini, akahamishia mzigo wake kwenye kiti kilichoingia karibuni, akakifunga. Katika karakana ambayo mwenyewe alijulikana kwa kurudisha kila kilichomo, hapakuwa na mahali salama zaidi.

Mpango huo uliharibiwa na mtu wa mkokoteni. Aliitwa Ndege kwa sababu mwendo wake ulikuwa wa polepole mno, na siku zote alifika baada ya saa aliyoahidi. Asubuhi moja alifika mapema. Alisema alikuwa na msiba mchana, akaomba apewe mzigo wa kwanza uliokuwa tayari. Uliokuwa tayari ni kiti cha kijani cha Mwalimu. Winchi alikuwa ameenda kununua uzi. Misumari akasaidia kukipakia, akakifunga kamba, kikaondoka.

Mwalimu alikuwa amestaafu zamani, lakini hakuna aliyemwita jina jingine. Nusu ya wakazi wa mtaa walijifunza kusoma kwake, na wengine bado waliweka kalamu chini alipopita. Aliishi na mjukuu wa kike ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Kiti cha kijani kilikuwa cha marehemu mume wake.

Winchi alirudi mchana. Aliweka uzi mezani, akaangalia pale kiti kilipokuwa.

"Kile cha kijani kiko wapi?"

Misumari, mwenye mdomo uliojaa, akaonyesha mlango kwa kidole.

Winchi akaketi chini, juu ya vipande vya sponji. Mke wake alimwangalia, kisha akatemea misumari kwenye kiganja, yote.

"Kuna kitu changu mle," Winchi akasema.

"Kitu gani?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Vidonge. Pakiti moja. Ya siku nyingi, nilishaisahau."

Katika maneno hayo pakiti tu ndiyo iliyokuwa kweli.

Misumari alitembea hadi kwa Mwalimu haraka kiasi kwamba watu njiani walimuuliza kuna nini, naye akamjibu kila mmoja kuwa ni salama. Alipofika mlangoni alikuwa na maelezo yaliyokamilika. Hakuyatunga. Yalikuwa tu pale, kama sindano inavyokuwa mfukoni kwa fundi. Alisema kuna springi moja hakuifunga vizuri, itakuja kumchoma Mwalimu mgongoni, na angependa kukirudisha kiti karakanani bila gharama.

Mwalimu alimtazama kwa furaha halisi. "Fundi anayekuja kukiri kosa kabla ya mteja kuliona," alisema. "Huyo nilikuwa sijamwona bado. Ingia, mwanangu."

Mtoto alikuwa amelala sebuleni, juu ya mkeka, kando ya kiti. Mwalimu alishusha sauti. Alieleza kuwa mtoto alikuwa akicheza pale chini ya kiti, akifanya nyumba, halafu akajilaza na hajaamka hata kwa chakula. Alishamgusa paji la uso. Homa hana.

Misumari alipiga magoti na kukiinamisha kiti. Kwenye kona, kitambaa cha chini kilikuwa kimeachia. Mshono ulikuwa umefunguliwa na kufungwa mara nyingi na uzi ulikuwa umelegea. Uwazi uliobaki ulitosha mkono mdogo.

Hapo ndipo maneno yalipohitajika, na yalikuwa machache. Angeweza kuyasema kabla hajasimama. Mwalimu alikuwa amesimama juu yake, mikono imekunjwa kifuani, akitabasamu kwa ajili ya fundi mwaminifu.

"Pole," Misumari alisema. "Labda ni uchovu tu."

Alikibeba kiti mwenyewe, kichwani.

Karakanani alikipasua badala ya kukifungua. Pakiti ilikuwa ndani, ile ya bati jembamba yenye vishimo, na baadhi ya vishimo vilikuwa vitupu. Akaiweka mbele ya mume wake, akamuuliza hivi vilivyokosekana viko wapi.

"Nilivitumia mimi," Winchi alisema. "Vyote. Naapa kwa kaburi la mama."

Alisema bila paka na bila jino, kwa sentensi fupi, na ufupi huo ulimpa mke wake nafasi ya kuamini. Hata hivyo hakuamini kabisa, kwa sababu alichukua simu na kumpigia Mwalimu. Alimwambia kuwa kuna homa mbaya inazunguka, watoto wanalala tu bila joto, amesikia kwa mteja mmoja, ampeleke mtoto zahanati sasa hivi asisubiri. Mwalimu alikodi gari. Zahanati walimtundikia mtoto maji, wakamweka chini ya uangalizi, wakashindwa kusema anaumwa nini. Kabla jua halijazama alifungua macho na kudai mkate.

Mwalimu alipiga simu mwenyewe kutoa habari. Sauti yake, iliyozoea kutuliza darasa zima, ilikuwa ikikatika. "Usingenipigia ningemwacha alale," alisema. "Umeniokolea mjukuu, mwanangu."

Misumari alijibu kuwa hakufanya lolote. Mwalimu alilichukulia jibu hilo kuwa unyenyekevu.

Kuanzia hapo kazi ziliongezeka. Mwalimu alisimulia habari ile kwa kila aliyemtembelea: fundi aliyerudi kwa ajili ya springi, kisha akamkumbuka mtoto. Watu waliokuwa wakipeleka makochi yao mbali waliyaleta kwa Misumari. Walimwambia wametumwa na nani, na kwa nini. Yeye alijaza misumari mdomoni na kutikisa kichwa. Kila kochi lililoingia kupitia mlango ule liliingia kwa sababu ya uongo wake, na alilishona vizuri kuliko alivyowahi kushona, bila kujua afanye nini kingine.

Alijiambia mambo mengi. Kwamba mtoto alifikishwa zahanati kwa simu yake, na hilo ndilo la maana. Kwamba mume wake aliapa. Kwamba Mwalimu akijua, Winchi atakamatwa, na ndani hakuna dawa ya bega wala ya kile kingine. Hoja hizi zilikuwa nzuri, na zilimtosheleza hadi Mwalimu alipopita na mjukuu. Mtoto alipenda kuokota vitambaa vilivyobaki. Misumari alikuwa akimtazama anavyotembea, anavyoshika vitu, anavyochelewa kujibu akiitwa, na hakuweza kukumbuka kama alikuwa akichelewa hivyo tangu zamani.

Winchi aliacha tena. Safari hii alipungua maneno, alikula vizuri, alikuja kazini mapema. Mke wake hakupekua nyumba. Badala yake alianza tabia mpya: kila kiti kabla ya kutoka alikifungua chini na kukishona upya kwa mkono wake. Wateja waliocheleweshewa aliwaambia ni ukaguzi. Kwa muda mrefu hakupata kitu.

Kisha akapata, kwenye stuli ya kinyozi wa jirani. Ilikuwa kazi ndogo, siyo ya kushonwa chini hata kidogo, na kumbe ilikuwa imeshonwa. Nyuzi zimelalia kushoto. Alikata uzi mmoja, akaingiza vidole viwili, akatoa pakiti mpya.

Winchi alikuwa pale, akikata sponji. Alisimamisha kisu. Alikuwa akijiandaa, inaonekana, kwa maswali aliyoyazoea: tangu lini, nani anakupa, umenifanya mjinga kwa muda gani. Alikuwa na majibu yake. Lakini Misumari hakuuliza kuhusu stuli.

"Siku ile ya kiti cha Mwalimu," alisema. "Vile vilivyokosekana. Ulivitumia wewe?"

"Si nilikuambia."

"Niambie tena."

Winchi aliangalia kisu chake. "Sikumbuki vilikuwa vingapi."

"Uliapa kwa kaburi la mama yako."

"Ulikuwa unatetemeka, fundi. Nilikuambia ulichotaka kusikia."

Hakusema kwa ukali. Katika muda wote wa vidonge lilikuwa jambo la kwanza aliloliongea ambalo mke wake hakuhitaji kwenda kulithibitisha popote. Alitaka kusikia hivyo. Angeweza kumuuliza siku yoyote kati ya siku zile zote, mume akiwa hajatumia, akiwa na akili yake, wamekaa wawili karakanani. Hakumuuliza. Alishona.

Winchi alianza kulia, na katikati ya kulia akasema jambo la busara. "Mtoto mzima. Anakimbia. Ukimwambia yule mama sasa hivi utakuwa umemsaidia nani?"

Misumari alilijua swali hilo neno kwa neno. Alikuwa akijiuliza yeye mwenyewe kila jioni wakati wa kufunga mlango, na kila jioni alikuwa amelikubali jibu. Kulisikia kwenye mdomo wa mume wake, kwa sauti ileile ya kumshikia tochi, kulimfanya avue aproni.

Hakwenda moja kwa moja. Alipita mbele ya geti la Mwalimu, akaendelea hadi dukani, akanunua uzi asiouhitaji. Muuzaji alimuuliza kuhusu Winchi, naye akajibu kuwa hajambo, na jibu hilo dogo ndilo lililomgeuza. Aliona lilivyotoka lenyewe, bila jasho.

Mwalimu alikuwa akimfunga mjukuu nywele, mtoto kaketi kwenye kiti cha kijani kilichokwisha kushonwa upya na kurudishwa, miguu haifiki chini. Alimkaribisha fundi akae. Fundi akasema atasema akiwa amesimama. Alieleza kuanzia vidonge hadi springi ambayo haikuwahi kulegea, kisha simu na homa isiyokuwepo. Alisema kuwa aliliona tundu kwenye kitambaa, aliiona pakiti yenye vishimo vitupu, na alinyamaza. Hakutaja bega.

Mwalimu hakumkatiza. Alimaliza kusuka msuko aliokuwa nao mkononi, akaufunga, akamwambia mtoto aende akacheze uani. Alisubiri mlango urudi.

"Daktari aliniuliza," alisema. "Aliniuliza kama kuna dawa yoyote nyumbani ambayo mtoto angeweza kuifikia. Nikamwambia hakuna. Akarudia, nikakasirika. Nikamwambia nimelea watoto wa watu maisha yangu yote, siachi dawa ovyo. Akaomba radhi, akafuta alichokuwa ameandika."

Misumari alianza kusema neno la kuomba msamaha.

"Hilo subiri kwanza," Mwalimu alisema. "Alimeza vingapi?"

"Sijui."

"Mume wako anajua?"

"Anasema hakumbuki."

"Na unamwamini?"

"Hapo namwamini, Mwalimu."

Mwalimu aliingia chumbani. Misumari alidhani ameondoka ili yeye atoke, akawa anautazama mlango, lakini Mwalimu alirudi na viatu vya mtoto na mtandio wake. Alisema wanakwenda zahanati. Alisema daktari yuleyule huwa yupo siku hiyo. Mengine, ya polisi, ya mume, ya kiti, atayafikiria akirudi, na asiulizwe sasa.

"Utamweleza wewe," alisema. "Kwa mdomo wako. Mimi nitakaa pembeni nisikie, maana yangu nilishasema, na yalikuwa uongo."

Walitembea, mtoto katikati. Njiani mtoto alimshika Misumari mkono kwa mazoea, kwa sababu ya vitambaa, na Misumari hakujua kama aushike au auachie. Mwalimu aliona.

Daktari alimkumbuka mtoto. Alimsifia nywele, akamuuliza anaumwa wapi, na mtoto akasema haumwi. Daktari akamgeukia bibi yake kwa tabasamu la kuuliza. Mwalimu aliangalia dirishani.

"Mume wangu," Misumari alianza, "aliumia bega, akapewa..."

Daktari alikuwa anasubiri, kalamu mkononi.

"Hapana," Misumari alisema. "Nianze upya. Siku ile mtoto huyu alipoletwa hapa, mimi nilikuwa najua."